Mke, mume na manowari za Wajerumani: je, akina Routledge walikuwa wapelelezi Rapa Nui?

*Swali:* Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili, kwetu Murang'a. Kwenye maktaba nilikuta kitabu cha mwaka 1910 kuhusu Wakikuyu, kimeandikwa na mume na mke, Scoresby na Katherine Routledge. Nikaja kusikia kwamba hao hao baadaye walikwenda Kisiwa cha Pasaka, Vita Kuu ya Kwanza ikawakuta huko, na manowari za Wajerumani zikatia nanga mbele yao. Mwenzangu darasani anashikilia kwamba walikuwa wapelelezi wa Uingereza na utafiti ulikuwa kisingizio. Ni kweli? Na utafiti uliofanywa vita ikiendelea unaaminika kiasi gani? Nina sababu yangu pia: mimi na mchumba wangu, sote wanaanthropolojia, tunafikiria kwenda kufanya utafiti kisiwa cha Ijwi, Ziwa Kivu.

*Jibu:* Marahaba, binti yangu. Nianze na la mwenzako, maana ndilo jepesi. Hakuna ushahidi kwamba Katherine na Scoresby Routledge walitumwa kupeleleza. Lakini simcheki mwenzako. Mtu akisoma kwamba merikebu yao ilimbeba luteni wa Jeshi la Majini la Uingereza, aliyeazimwa rasmi ili apime na kuchora ramani, kisha akasoma kwamba kikosi kizima cha manowari za Kijerumani kilipita hapo hapo, lazima masikio yamsimame. Tena wapelelezi waliovaa joho la utafiti walikuwapo kweli katika vita ile. Mwanaakiolojia wa Marekani Sylvanus Morley alizunguka Amerika ya Kati akikagua magofu ya Wamaya, huku akiitumikia idara ya ujasusi ya jeshi la majini la nchi yake. Desemba 1919 Franz Boas, mzee wa anthropolojia ya Marekani, aliandika gazetini kuwalaumu wanasayansi wanne, bila kuwataja majina, kwamba wameuza heshima ya taaluma kwa kuifanya pazia la ujasusi. Chama cha wanaanthropolojia wa Marekani kikakaa kikao na kumkemea aliyesema. Wale wanne hawakuguswa.

Kwa akina Routledge hesabu haiingii. Mpango wa safari ulianza 1910. Merikebu yao, Mana, iliondoka Falmouth tarehe 25 Machi 1913 na kufika kisiwani 29 Machi 1914, miezi mitatu kabla ya risasi ya Sarajevo iliyowasha vita. Kisiwani hapakuwa na simu wala redio, na meli ilionekana mara chache kwa mwaka. Mpelelezi asiye na njia ya kupeleka habari ni sawa na mvuvi aliyesahau nyavu nyumbani. Vita yenyewe ilikuwa imeanza zaidi ya miezi miwili kabla wao hawajajua kwamba ipo.

Hata hivyo swali lako la pili ndilo linalonikosesha usingizi, na nitalijibu kwa kuzunguka kidogo. Mimi naona vita iliyougusa utafiti wao kwa kina haikuwa ile ya manowari. Ilikuwa nyingine, ndogo, ya kondoo na ardhi, iliyolipuka mlangoni mwa nyumba waliyofikia. Wengi wanaosimulia habari zao huipitia haraka ili wafike kwenye mizinga.

Kwanza uwajue wenyewe. Katherine Pease alizaliwa 1866 Darlington, kaskazini mwa Uingereza, katika ukoo wa Kikweka (dhehebu la Kikristo) wenye fedha nyingi. Alisoma historia Somerville, Oxford, na akamaliza 1895, wakati ambapo chuo hicho kiliwafundisha wanawake, kikawatahini, kisha kikawanyima shahada. Shahada yake ya uzamili ilibidi aipate Trinity College, Dublin. William Scoresby Routledge alizaliwa Melbourne, Australia, 1859, na alikuwa amekwisha kukaa Ukikuyuni kabla hawajaoana. Walifunga ndoa 1906 wakaja pamoja Afrika Mashariki ya Kiingereza. Matunda yake ni hicho kitabu ulichokikuta maktabani.

Kitazame tena jaladani. Wazee wako wanaitwa humo watu wa kabla ya historia. Sasa weka jina hilo kando ya kalenda: Waingereza walipeleka misafara ya kijeshi upande wa Nyeri 1904 na Embu 1906, na kodi ya kibanda ilikuwa ikikusanywa. Watu hao walikuwa katikati ya historia, tena shingoni! Kitabu kina mambo mazuri sana, na ukitaka kujua chuma kilivyoyeyushwa au chungu kilivyofinyangwa, hutajuta kukisoma. Lakini bunduki zilizotangulia zimebaki nyuma ya pazia. Tabia hiyo walisafiri nayo hadi Pasifiki.

Rapa Nui, hicho tunachokiita Kisiwa cha Pasaka, kina kilomita za mraba 163, karibu sehemu ya sita ya Pemba. Kiko zaidi ya kilomita 3,500 kutoka pwani ya Chile, na jirani wake wa karibu mwenye watu, Pitcairn, yuko mbali kiasi cha kilomita 2,000. Dunia inakijua kwa sanamu zake za mawe, moai, ambazo hesabu yake inakaribia 1,000. Yaliyowapata wenyeji hayajulikani sana. Mwaka 1862 na 1863 watekaji kutoka Peru walichukua watu wapatao 1,500. Dunia ilipopiga kelele wachache wakarudishwa, nao wakarudi na ndui. Kufikia 1877 walihesabiwa watu 111. Sisi wa pwani hii hatuhitaji kuelezwa maana ya msafara wa watumwa, ila piga picha kisiwa kizima kimebaki na watu wanaoweza kuenea kwenye msikiti mmoja wa mtaa, na kati ya waliopotea wamo waliojua kusoma rongorongo, maandishi ya kuchonga kwenye mbao.

Chile ilikitwaa kisiwa 1888. Baada ya hapo kikageuka shamba la kondoo, na tangu 1903 kampuni iliyokiendesha ilikuwa chini ya Williamson Balfour, nyumba ya biashara ya Waingereza huko Valparaíso. Wenyeji, wapatao 250 akina Routledge walipofika, walibanwa katika kijiji kimoja, Hanga Roa, wamezungukwa na ukuta. Kutoka nje ya ukuta kulihitaji ruhusa. Kisiwa kilichobaki, na makaburi ya babu zao yote, kilikuwa malisho.

Na wageni wetu walifikia wapi? Mataveri, nyumbani kwa meneja wa shamba, Percy Edmunds, Mwingereza mwenzao. Baadaye walipiga kambi pia Rano Raraku, kwenye machimbo ya sanamu, lakini mlango wa kwanza ulikuwa huo. Mtu yeyote aliyewahi kufanya utafiti wa uwandani anajua uzito wake. Mimi ujanani nilipokewa kijijini na mtu ambaye, kumbe, alikuwa na kesi ya shamba na nusu ya ukoo. Kwa miezi miwili nusu hiyo ilinijibu "hatujui" kwa kila swali, na nikaandika daftarini kwamba watu hawa wamesahau mila zao.

Tarehe 30 Juni 1914, siku mbili baada ya mauaji ya Sarajevo ambayo hakuna mtu Rapa Nui aliyeyasikia, mambo yalilipuka. Kiongozi alikuwa Angata, mama mzee, katekista wa Kanisa Katoliki. Alisema ameota: Mungu amemwambia kwamba mwenye shamba hayupo tena, kisiwa kirudi kwa wenyewe, na wachukue mifugo wafanye karamu. Ujumbe ulipelekwa kwa meneja, kisha vijana wakaingia malishoni. Wiki baada ya wiki ng'ombe na kondoo waliswagwa na kuchinjwa, na harufu ya nyama choma ikatanda Hanga Roa.

Ukisoma hayo lazima umkumbuke Mekatilili wa Menza. Mwaka ule ule, upande huu wa dunia, mwanamke mwingine mwenye kauli nzito alikuwa amewaapisha Wagiriama wasitoe vijana wala kodi. Waingereza walimpeleka Kisii, akatoroka akarudi kwa miguu, na Agosti 1914 Kaya Fungo ikalipuliwa kwa baruti. Angata na Mekatilili hawakujuana na hawangeweza kujuana. Hasira yao, kwa maoni yangu, ilitoka chungu kimoja.

Katherine alimwendea Angata kumsihi azuie uchukuaji wa mifugo. Mzee alimpokea kwa upole, lakini ombi lilipotoka uso ulibadilika, maana kwake hilo lilikuwa agizo la Mungu, halina mjadala. Pamoja na hayo Angata alimpelekea mgeni zawadi za kuku na viazi. Hapo Katherine alikuwa kati: chakula cha waasi mkononi, kitanda cha meneja mgongoni. Katika maandishi yake anamwita Nabii, na humo mna kejeli, mna woga, na mna heshima fulani ambayo nadhani mwenyewe hakuitarajia. Moyo wake ulikuwa upande wa meneja, aliyekuwa peke yake mbele ya kijiji kizima. Hilo hakulificha, na kwangu kutokulificha kwake kuna thamani kuliko kama angejifanya hakimu asiye na upande.

Agosti 5 ikafika meli ya jeshi la Chile, General Baquedano. Wanne waliohesabiwa kuwa vinara walikamatwa. Kapteni wake, hata hivyo, aliona kwamba wanakisiwa walijizuia sana, kwa kuwa hawakumwua meneja. Kauli hiyo kutoka kwa mwenye mizinga inaonyesha jinsi hali ya wenyeji ilivyokuwa mbaya machoni pa mtu yeyote asiyelala Mataveri. Miaka miwili baadaye, 1916, Askofu Rafael Edwards wa Chile alifika akaona mwenyewe, akarudi bara kupiga kelele juu ya mateso ya watu wale. Kampuni haikuondoka hadi 1953.

Haya, sasa manowari, maana najua unazisubiri.

Katikati ya Oktoba 1914 upeo wa macho ulijaa moshi. Kilikuwa kikosi cha Asia ya Mashariki cha Admirali von Spee: Scharnhorst, Gneisenau, Nürnberg, Dresden na Leipzig, pamoja na meli za makaa. Walikutana hapo kwa sababu ile ile inayomfanya jangili akutane na wenzake porini: hakuna anayeona. Walinunua nyama kwa meneja, ambaye aliuza bila kujua kwamba anamlisha adui wa mfalme wake. Wajerumani nao hawakuwa na haraka ya kumweleza. Habari ya vita ilipovuja kisiwani biashara ilikuwa imekwisha kufanyika. Tarehe 18 Oktoba wakang'oa nanga.

Mwanafunzi wa Afrika Mashariki aiweke picha hiyo kando ya yetu. Wiki hizo hizo manowari nyingine ya Kijerumani, Königsberg, iliyokuwa imeizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja tarehe 20 Septemba, ilikuwa imejificha ndani ya mikoko ya Rufiji. Waingereza waliitwaa Mafia Januari 1915 ili wapate pa kuisakia, wakaiua Julai. Bahari mbili, mchezo mmoja: manowari zilizokatiwa njia ya nyumbani zinatafuta kificho, makaa na nyama, na watu wa visiwani wanaamka asubuhi wakikuta vita ya wengine imetia nanga mbele ya madau yao.

Waliokula nyama ya Rapa Nui hawakudumu. Tarehe 1 Novemba, karibu na Coronel pwani ya Chile, walizizamisha Good Hope na Monmouth, na Waingereza wapatao 1,600 walikufa, pamoja na Admirali Cradock. Tarehe 8 Desemba, visiwani Falkland, wakalipwa: manne kati ya yale majina matano yalikwenda chini. Dresden peke yake ilitoroka, hadi mabaharia wake wenyewe walipoizamisha Machi 1915 kisiwani Juan Fernández.

Mwishoni mwa Desemba ikaja nyingine, Prinz Eitel Friedrich, meli ya abiria iliyofungwa mizinga, ikawashusha kisiwani mabaharia wa merikebu mbili ilizozikamata, moja ya Wafaransa na nyingine ya Waingereza. Hebu fikiri: watu 250 walionyang'anywa malisho, mwaka wenyewe wa uasi, sasa wanaongezewa mateka wa vita isiyo yao.

Mapema 1915 Scoresby alikwenda Chile na Mana kuwaeleza wakubwa wa Uingereza kwamba Wajerumani wameivunja hali ya kutofungamana ya Chile. Mwenzako atadaka hapo hapo: "Unaona, alipeleka habari!" Ndiyo, alipeleka, waziwazi, kama raia aliyeona jambo, na kwa kuchelewa kiasi kwamba meli alizozishtakia nyingi zilikuwa tayari chini ya bahari. Mimi hilo siliiti upelelezi. Linaonyesha tu kwamba mtafiti hawezi kuvua uraia wake forodhani.

Kwa Katherine kuondoka kwa mumewe kulikuwa na maana nyingine. Alibaki na kazi, na kazi yake ndiyo iliyodumu. Niseme wazi kuhusu ndoa hii, kwa kuwa wewe na mchumba wako mnataka kufuata njia yao. Fedha zilikuwa za mke zaidi. Hasira zilikuwa za mume: kijana mmoja wa msafara, O. G. S. Crawford, aligombana naye na kushuka visiwa vya Cape Verde kabla hawajavuka Atlantiki. (Hakuharibikiwa. Vita ilimrusha angani kama mtazamaji wa ndege, na baadaye akawa mmoja wa waanzilishi wa akiolojia ya picha za angani.) Mwanajiolojia wao, Frederick Lowry-Corry, aliugua Amerika ya Kusini akafa bila kuiona Rapa Nui. Kwa hiyo kazi iliyopangiwa watu kadhaa ikawaangukia mume na mke. Kwa jumla Scoresby alielemea mawe na vifaa, Katherine akaelemea watu.

Na watu hao walimpa nini? Mtu wa kutajwa kwanza ni Juan Tepano, mwenyeji aliyekuwa mkalimani, mwongozaji, na kwa kweli mtafiti wa tatu wa msafara ule. Bila Tepano wazee wasingefunguka. Kwa kuhojiana na wazee mmoja mmoja, Katherine aliandika koo na mipaka yake, majina ya majukwaa ya mawe yanayoitwa ahu, na habari za mtu-ndege: mashindano ya kila mwaka ambapo vijana waliogelea hadi kisiwa kidogo cha Motu Nui kungoja yai la kwanza la ndege wa baharini, na bwana wa mshindi akawa mtu mtakatifu kwa mwaka mzima. Mila hiyo ilikoma miaka ya 1860, kwa hiyo waliosimulia walikuwa wameiona kwa macho yao. Angechelewa miaka ishirini, angekuta masimulizi ya wajukuu.

Walichimba pia zaidi ya sanamu 30. Waliona kwamba zile zinazoonekana kama vichwa tu pale Rano Raraku zina viwiliwili vizima vilivyofunikwa na udongo wa mteremko, na baadhi zina michoro ya pete na mkanda mgongoni. Michoro ya aina hiyo ilijulikana kwenye sanamu iliyochukuliwa na Waingereza 1868, Hoa Hakananai'a, iliyoko makumbusho ya London, na hiyo ilitoka Orongo, kijiji cha sherehe za mtu-ndege. Kwa kuunganisha hayo Katherine akasema jambo zito kwa wakati wake: waliochonga sanamu ni mababu wa hawa hawa wanaozuiwa nyuma ya ukuta. Wazungu wengi walipenda kuamini taifa lililopotea, bara lililozama, chochote kile isipokuwa wenyeji. Sisi tulioambiwa kwamba Kilwa ilijengwa na watu wa kuja tunaufahamu ugonjwa huo.

Kuna tukio moja ambalo nikilisoma huwa naweka kitabu chini. Alisikia kwamba katika makazi ya wenye ukoma, kaskazini ya kijiji, yuko mzee aitwaye Tomenika anayejua aina moja ya yale maandishi. Wakati ule ukoma ulikuwa hukumu. Katherine akaenda, akarudi, akaenda tena. Mzee alimchorea alama karatasini na kukariri maneno, lakini kumbukumbu ilikuwa ikimponyoka na nguvu zilikuwa zikiisha. Wiki chache tu baada ya mara ya mwisho kuonana, Tomenika alifariki, na rongorongo haijasomwa mpaka leo.

Kwa hiyo unaaminika kiasi gani? Aliyoyapata kwa Tepano na wazee, yenye majina ya watu na mahali, nayaamini sana, na watafiti waliofuata wamejenga juu ya hayo kwa zaidi ya karne. Alichoandika kuhusu wenyeji waliokuwa hai mbele yake, tabia zao, uaminifu wao, uvivu wao unaodaiwa, nakisoma nikiwa nimekunja uso, kwa kuwa humo nasikia mazungumzo ya mezani Mataveri. Manowari hazikupotosha chochote. Zilileta hofu na kukata barua. Uchungu wa ardhi ndio uliochuja nani aongee naye, nani anyamaze, na kwa nini mtu fulani amwambie habari za babu zake wakati ule ule anapodai malisho ya babu hao. Nadhani wengine walisimulia kwa bidii kwa sababu hiyo hiyo. Kutaja ahu ya ukoo wako na mpaka wake mbele ya mgeni mwenye kalamu, mwaka wa Angata, ni ushahidi wa shauri la shamba. Sijui kwa nini wasomaji wengi wa kazi yake wanauchukulia kama ngano za jioni.

Waliondoka Agosti 1915, wakapitia Pitcairn, Tahiti na Hawaii, na Juni 1916 wakafika Uingereza iliyokuwa ikizika vijana wake. Kitabu cha Katherine kilitoka 1919 na kikauzwa vizuri. Juzuu ya kitaalamu waliyokusudia haikutoka kamwe. Walirudi Pasifiki miaka ya 1920, Mangareva, lakini ugonjwa wa akili ulikuwa ukimwelemea Katherine. Ndoa ikavunjika kwa ubaya, 1929 akafungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili, akafia huko Desemba 1935. Scoresby alihamia Kupro akafa 1939. Sehemu kubwa ya madaftari ya Katherine iko Royal Geographical Society, London, na watafiti wa leo huyarejea hayo kuliko kitabu, kwa sababu daftarini sauti za wazee zinasikika kabla hazijapigwa pasi.

Sasa Ijwi. Utashangaa kwamba hata kisiwa hicho kimo katika kalenda hii: Wajerumani walikiteka kutoka kwa Wabelgiji Septemba 1914, wiki chache tu kabla ya Rapa Nui kuuza nyama yake. Leo, Goma na Bukavu zote zikiwa zimetekwa na waasi wa M23 mwanzoni mwa 2025, kisiwa kilicho kati ya miji hiyo si mahali pa kwenda kwa barua ya utambulisho ya chuo peke yake. Sitawakataza. Nitawauliza anayoyauliza baba mkwe. Mtalala kwa nani, naye anadaiwa au anawadai akina nani? Mtavuka kwa boti ya nani, na mwenye boti hulipa ushuru kwa mwenye bunduki yupi? Mtu wenu wa karibu, Tepano wenu, jina lake litakuwa salama likiandikwa, au likifichwa? Kama hamna jibu la hilo la tatu, ahirisheni. Ninyi mtaondoka na madaftari, yeye atabaki na majirani.

Na kuweni na madaftari mawili. Siyo moja la nyumba. Kila mtu aandike lake jioni bila kuchungulia la mwenzake, mlinganishe mwisho wa wiki. Wanawake watakuambia wewe yasiyofika kwa mwenzio, wanaume vivyo hivyo, na mkichanganya mapema mtapata hadithi laini isiyo ya mtu yeyote. Mkigombana, na mtagombana, mtarajie kijiji kujua kabla ya jua kuzama, na mwandike hilo pia.

Jambo moja dogo kuhusu kile kitabu cha 1919. Mwanamke aliyelipa, aliyehoji, aliyemwendea Tomenika na kukiandika hakuweka jina lake mwenyewe jaladani. Liliwekwa "Bi. Scoresby Routledge". Kwa hiyo kadi ya mchango wa harusi mnitumie bila aibu, nami nitachanga, ila nitaangalia kwanza kama majina yote mawili yamo.